Maji ya mfereji ikianza kuharibu tumbo, fuata bomba kwanza

Mwaka huu mvua ilipoanza kunyesha vizuri hapa Manyatta, Kisumu, asubuhi laini ya choo ikawa ndefu kuliko laini ya mfereji. Ilianza na mtoto wa nyumba namba tatu, alafu wangu, alafu keateka mwenyewe, yule anaangalia ploti, akashikwa, na kila mtu kwa ploti alikuwa na maelezo yake, eti ni omena ya jioni, eti ni uji wa shule, mwingine akasema ni baridi imeingia tumboni. Hakuna mtu alitaja maji juu maji ilikuwa inatoka wazi kabisa, unaeka kwa glasi unaona kidole chako upande ule mwingine. Ilituchukua karibu wiki mbili kujua shida iko wapi. Wacha niandike venye tulifanya, pamoja na yale tungefanya mapema kama tungejua, ndio mwingine asimalize hizo wiki mbili akigombana na muuza omena.

Kwanza toa hii kitu kwa akili: maji wazi si maji safi. Mavi kidogo sana ikiingia kwa bomba huwezi kuona na pengine hata hutasikia harufu. Alafu geuza pia, maji ya rangi ya chai inayotoka dakika mbili za kwanza baada ya mgao (zile siku maji inafungwa kwa zamu) mara nyingi ni kutu na tope iliyokuwa imelala ndani ya bomba, inatisha macho lakini si lazima iwe ndio inaendesha watu. Macho yanasaidia, lakini usiyape kazi yote.

Uchafu unaingiaje na maji imewekwa dawa?

Hapa Kisumu maji ya mfereji inatoka sehemu mbili kubwa, ziwani kupitia Dunga na mto Kibos kupitia Kajulu, na inasafishwa na kuwekwa klorini kabla itumwe mitaani. Shida inaanza njiani. Bomba ikiwa na presha, hata kama ina tundu, maji ndio inatoka nje, kwa hivyo uchafu hauna nafasi. Siku ya mgao presha inaisha, na ile bomba inageuka mrija, ile tundu iliyokuwa inatema sasa inavuta, na kama imelala ndani ya mtaro inavuta maji ya mtaro. Maji ikirudi usiku saa nane, kitu ya kwanza kufika kwa mtungi wako ni ile iliyovutwa.

Sasa tembea kwa mitaa yetu uangalie hizo bomba nyembamba za plastiki nyeusi, zile watu huita spageti, kumi na tano zimefungwa pamoja zikipita kwa mtaro kama nyoka. Ongeza vyoo vya shimo ambavyo viko kila ploti, na udongo wetu ambao mvua ikinyesha maji ya chini inapanda karibu na juu, mto Auji nao ukijaa unaingia hadi jikoni kwa watu wa Nyalenda. Sishangai tena watu wakiharisha Aprili. Nashangaa wale hawaharishi.

Kufuata bomba, ambayo ndio kazi yenyewe

Kabla ununue kitu yoyote, uliza majirani, na usiulize hivi hivi tu, uliza kwa mpangilio. Uliza wa ploti yako, alafu ploti ya kando ambayo iko kwa laini ile ile, alafu mtu wa barabara ingine kabisa. Kama ni nyinyi pekee, shida iko baada ya mita yenu: bomba ya ndani, tanki, ama mitungi. Kama ni ploti zote za laini yenu, iko kwa ile bomba mnashiriki. Kama ni mtaa mzima mpaka kule Kondele, hiyo si yenu tena, ruka chini kwa pahali pa kulalamika, lakini maji ya kunywa utibu leo leo.

Kwetu ilikuwa ploti nne kwa laini moja. Ya tano, ambayo ina bomba yake imepita upande wa kanisa, walikuwa sawa kabisa, na walikuwa wanatuangalia kama watu wachafu.

Alafu chukua viatu vya gamubuti utembee. Anza kwa mita, fuata bomba mpaka inapojiunga na ile kubwa, na uende mara mbili. Mara ya kwanza enda maji ikiwa inatoka: tafuta pahali palipolowa bila sababu, nyasi imenona pekee yake, pahali watu wamefunga bomba na tyubu ya baiskeli ama karatasi ya nailoni (hiyo ya kufunga na tyubu inazuia maji kutoka, haizuii uchafu kuingia, usidanganyike). Mara ya pili enda siku ya mgao, maji ikiwa imepotea, na uangalie bomba inapita wapi ikiwa tupu. Sisi tuliona mara ya pili. Kulikuwa na jointi ndani ya mtaro nyuma ya choo cha ploti ya pili, siku ya maji inatoa povu kidogo tu, siku ya mgao imezama kwa maji meusi na hakuna povu. Ilikuwa inakunywa.

Kitu ingine ya kuangalia ni kama kuna mtu amefunga pampu ya stima moja kwa moja kwa laini ndio avute maji ipande kwa tanki yake ya ghorofani. Najua watu hawapendi kuambiwa hii, lakini hiyo pampu inavuta kwa bomba ya kila mtu, na kila tundu iliyo njiani inageuka mdomo. Kama lazima upandishe maji, wacha ijae kwa tanki ya chini kwanza, alafu upampu kutoka hapo.

Ukitaka kuwa na hakika zaidi kuna ujanja wa klorini. Maji iliyotibiwa inafaa ifike kwako bado ina klorini kidogo, Shirika la Afya Duniani linasema isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale unapochotea. Kuna kifaa kidogo cha kupima, unaweka tembe kwa maji inageuka pinki, ikiwa pinki sana klorini ni mingi, isipogeuka hakuna. Watu wa swimingi puli wanavyo, na maafisa wa afya ya umma pia. Pima kwa mita, alafu pima kwa mfereji wa mwisho wa ploti, alafu kwa tanki. Ikiwa kwa mita iko na kwa mfereji haiko, kuna kitu katikati imekula klorini, na kitu inayokula klorini mara nyingi ni uchafu. Kwa hivyo ukisikia maji inanuka dawa kidogo, usikimbie kulalamika, hiyo harufu ni rafiki yako. Mbaya ni maji ambayo ilizoea kunuka dawa na imeacha.

Kupima kama kuna mavi

Afisa wa afya ya umma wa wadi alituletea chupa ndogo yenye karatasi ndani, unajaza maji unaiacha kwa nyumba, ikigeuka nyeusi ndani ya siku moja ama mbili inamaanisha kuna uwezekano mkubwa maji imeguswa na mavi. Yetu haikumaliza hata siku moja, jioni ilikuwa nyeusi kama kahawa. Hiyo chupa haikuambii ni viini ngapi, lakini kwa kumwonyesha landilodi inatosha kabisa, niamini.

Kama unataka matokeo ya maabara, yale unaeza kupeleka mbele, sampuli lazima ichukuliwe vizuri. Chupa inatoka maabara, usitumie ya soda. Usiisuuze, juu ndani wameweka dawa ya kuua klorini ndio viini visiendelee kufa njiani. Pangusa mdomo wa mfereji na spiriti, wacha maji itiririke dakika mbili tatu, jaza bila kugusa mdomo wa chupa na kidole, weka kwa kitu baridi na uifikishe maabara ndani ya masaa sita hivi. Unachotafuta kwa karatasi ya majibu ni E. coli, viini vya mavi, na namba inayokubalika ni sufuri kwa mililita 100. Si moja, si mbili, sufuri.

Wakati unangoja, kunywa nini?

Usichote maji ya kwanza. Maji ikirudi baada ya mgao, ile ya dakika za mwanzo ndio imebeba kila kitu ilivutwa, tumia kuosha choo ama kupiga deki, alafu uanze kujaza ya kunywa ikishatulia. Najua inauma kuangalia maji ikienda na mita inazunguka.

Kama ina tope, iwache itulie usiku, mwaga ile ya juu polepole kwa mtungi mwingine kupitia leso safi iliyokunjwa mara nne. Klorini kwa maji ya tope ni kama kumwaga sabuni kwa matope, inaisha kabla haijafika kwa viini.

Alafu tibu. WaterGuard, ile klorini ya maji ya kutia kwa mtungi, iko kila kemisti, maelezo ni kifuniko kimoja kwa mtungi wa lita 20, viwili kama maji bado ina ukungu, tikisa, ngoja dakika 30. Hiyo nusu saa ndio watu huiba, mtu anaweka anatikisa anakunywa hapo hapo, umekunywa viini na dawa pamoja. Ukitumia tembe za Aquatabs angalia imeandikwa ngapi, ya miligramu 67 ndio ya lita 20, kuna zingine ndogo za chupa. Na tafadhali soma chupa yako, usisome yangu.

Kuchemsha pia ni sawa, na kuna viini kama kriptosporidiamu ambavyo klorini haiviwezi na moto unaviua, kwa hivyo mtoto mchanga na mtu mgonjwa wa muda mrefu mchemshie. Lakini jameni, si dakika ishirini! Maji ikishabubujika kabisa, mapovu makubwa, hesabu dakika moja utoe. Kisumu tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, hiyo dakika inatosha. Wale wako juu ya mita 2,000, kama watu wa Molo, wahesabu tatu. Makaa unayochoma baada ya hapo unachoma pesa. Ipoe ikiwa imefunikwa, ndani ya ile ile sufuria, juu ukimwaga kwa ndoo iliyokuwa na maji ya jana umerudi mwanzo.

Huna hata pesa ya WaterGuard? Chupa za plastiki zile wazi za lita moja ama mbili, zisiwe zimekwaruzwa, jaza maji isiyo na tope, lalisha juu ya mabati kwa jua kali masaa sita. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Msimu wa mvua hii haitabiriki, ni ya kukusaidia tu.

Na sasa mahali moto na klorini havifanyi kitu. Ukisikia harufu ya petroli ama ya rangi, acha kabisa hiyo maji, mafuta yaliyomwagika kwa udongo yanaweza kupenya plastiki ya bomba yenyewe, na kama laini yako inapita kando ya gereji hapo ndio pa kuangalia kwanza. Ziwa likigeuka kijani kama mtu amemwaga rangi, kama inavyokuwaga upande wa Dunga, usichote ziwani moja kwa moja ukasema utachemsha, huo mwani unaweza kuwa na sumu na moto hauitoi. Na ndugu zetu wa Nakuru, shida yenu ingine ni floraidi ya visima virefu, ile inapaka watoto meno ya kahawia. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita, na ukichemsha unaongeza, juu maji inapungua na floraidi inabaki. Hiyo inataka chujio la mkaa wa mifupa, ambayo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilifanya kazi nayo miaka mingi, ama uwekee watoto maji ya mvua ya kunywa.

Mitungi na tanki

Hapa ndio watu hukasirika nikiwaambia. Unaeza kutibu maji vizuri kabisa alafu mtoto achovye kikombe kwa ndoo na mkono ulitoka choo. Tumia mtungi wa mdomo mwembamba, ama ndoo iliyofungwa mfereji chini, umwage usichovye. Mtungi wenye utelezi wa kijani ndani weka mawe madogo, sabuni na maji kidogo, utikise mpaka mkono uchoke. Kama unapenda nyungu, na mimi napenda, maji ya nyungu haina mpinzani, tibu kwa mtungi kwanza imalize nusu saa ndio umwage kwa nyungu, juu udongo unakula klorini haraka, na itumie siku hiyo hiyo. Huku Nyanza kuna wafinyanzi wanaotengeneza zenye mdomo mdogo na mfereji, tafuta hiyo.

Tanki ya juu ifunguliwe mfuniko angalau mara mbili kwa mwaka. Yetu tulikuta mijusi, sitasema mingapi. Mwaga yote, sugua kuta na brashi na sabuni, suuza, jaza tena na uweke Jik ya kawaida isiyo na marashi. Hesabu ni hii: unataka miligramu 50 kwa kila lita, tanki ya lita 1,000 inataka gramu 50 za klorini, na Jik ya asilimia 3.5 ina gramu 35 kwa lita, kwa hivyo ni lita moja na nusu hivi. Fungua kila mfereji mpaka usikie harufu ndio na bomba za ndani zioshwe, funga, wacha siku nzima, alafu mwaga yote. Hiyo maji mtu asinywe, andika kwa karatasi ubandike. Usichanganye Jik na dawa ya choo ya asidi, mvuke wake unaua, na mtu asiingie ndani ya tanki akiwa peke yake.

Kulalamika mpaka usikike

Simu moja ya mtu mmoja inapotea. Tulifungua grupu ya WhatsApp ya zile ploti nne, kila mtu anapiga picha ya glasi ya maji mbele ya karatasi nyeupe, anaandika tarehe, saa, na kama maji ilikuwa imetoka kurudi baada ya mgao, na mwenye mita anaweka namba ya akaunti. Kwa ofisi ya maji uliza namba ya malalamiko, usitoke bila hiyo. Sisi mara ya kwanza tuliambiwa "tumeskia", tukarudi nyumbani tumefurahi, na wiki ikaisha. Mara ya pili tulienda watu sita na ile chupa nyeusi.

Peleka nakala kwa afya ya umma ya kaunti, na mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chenu, wale wa kutembea nyumba kwa nyumba, juu wao ndio wanaandika watu wangapi wanaharisha na hiyo namba ina nguvu kuliko maneno yako. Ikikwama, juu ya kampuni zote za maji kuna WASREB ambao ndio wasimamizi. Na Katiba iko upande wako, kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, na cha 35 kinakupa haki ya kuitisha habari, kwa hivyo unaeza kuandika barua uitishe matokeo ya vipimo vya maji ya mtaa wenu. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inawapa siku 21 kujibu, na kama jambo linahusu uhai wa mtu ni masaa 48. Taja hayo masaa 48 kwa barua, utaona tofauti.

Jointi ikiwa upande wenu wa mita, hiyo ni ya landilodi, na hapa usimtume keateka, enda na wapangaji wenzako. Wetu alisema ni sisi tunatupa takataka kwa mtaro, na ni kweli tunatupa, lakini bomba haikufaa kuwa huko. Mwishowe alilipa fundi akaitoa kwa mtaro, ikapita juu ya ukuta ndani ya bomba ingine nene.

Kama mtu tayari anaharisha

Usingoje majibu ya maabara. Mpe ORS, ile unga ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, na kama hakuna, lita moja ya maji iliyotibiwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa bapa si mlima, anywe kidogo kidogo kila mara. Mtoto apewe na zinki kutoka kituo cha afya. Akiharisha maji kama ya kuosha mchele, macho yakiingia ndani, hakojoi, ama ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, hiyo inaweza kuwa kipindupindu, chukua boda sai sai, na umpe ORS mkiwa njiani.

Bomba ikishatengenezwa bado hujamaliza. Fungua maji itiririke, osha tanki vile nimesema, alafu rudia chupa. Yetu ya pili tuliweka kwa dirisha la keateka ndio kila mtu aione akipita, watoto wakawa wanakuja kuichungulia kabla ya shule. Siku ya kwanza ilikuwa wazi. Ya pili asubuhi bado wazi, na jioni mama wa namba tatu akasema yeye haamini chupa, ataendelea na WaterGuard mpaka mvua iishe, na bibi yangu akasema hata yeye.